Mhina wa Bibi Zubeda na Kitambaa Cheupe

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya Alhamisi, miaka mingi iliyopita, nilipoulizwa kama najua, nikajibu najua, na ukweli ni kwamba sikujua. Nilitakiwa kukataa. Nilitakiwa kusema, "Ngoja Mzee Magesa arudi," maneno manne tu, kisha niendelee kumwagilia maua. Badala yake nikachukua sururu.

Nitakusimulia yote, na usiponisamehe sehemu fulani sitashangaa, maana na mimi zipo ambazo sijajisamehe.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na katika ukoo wetu wa Kisesa nilikuwa wa kwanza kufika huko, kwa hiyo kichwa kilikuwa kimejaa. Mzee Magesa alinipokea kwenye kitalu chake cha miche pale Igogo, karibu na ziwa. Alikuwa Mjita kutoka upande wa Musoma, mtoto wa wavuvi, na shule aliiacha darasa la tatu. Lakini hakukuwa na mtu Mwanza yote aliyeijua miti ya bustani kama yeye. Watu walimletea tawi limefungwa kwenye gazeti, wakimwomba awaambie ni tawi la nini, na yeye hakujibu haraka. Kwanza aliligeuza jani juu na chini. Alitazama kama majani yameota mawili mawili yakitazamana, au moja moja kwa kupishana. Alipitisha kidole kwenye shina asikie kama ni la duara au lina pembe. Alilikwaruza kwa ukucha aone kama linatoa utomvu, na kama chini ya gome kuna ukijani. Mwisho alisogeza macho karibu kabisa kwenye chipukizi na tumba, akanyamaza hapo muda mrefu kuliko kwingine kote.

Kama bado hakujua, alisema hajui. Alikuwa na shuka kuukuu alilolichana vipande vyembamba, na kila mche asioufahamu aliufunga kitambaa kimoja cheupe. Mche wenye kitambaa hauuzwi, haukatwi, hauhamishwi, mpaka ujulikane. Mteja akiuliza, Mzee alimjibu, "Huu bado hatujajuana nao."

Mimi jambo hilo liliniaibisha. Siku moja nilimwambia, "Mzee, wateja watasema hatujui kazi."

"Wakisema huu hatuujui, watakuwa wamesema kweli," alinijibu, akaendelea kujaza udongo kwenye viriba.

"Basi tuupe jina lolote, tutarekebisha baadaye."

Alicheka. "Wewe Malimi, ukienda kuposa utampa mkwe jina lolote, halafu utarekebisha baadaye?"

Nilicheka naye, lakini sikumwelewa. Alinipa vipande kadhaa nikae navyo mfukoni, nikavitumia kufutia jasho.

Pamoja na kitalu, tulitunza bustani za nyumba chache za mjini. Moja ilikuwa ya Bibi Zubeda, juu kwenye mawe, mahali ambapo ukisimama barazani unaliona ziwa lote. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa, lakini yeye alizaliwa Mwanza hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa mjane, akiishi na mwanawe Bwana Anwar mwenye duka, pamoja na mke na binti wa Anwar. Kila nilipofika alinipa chai ya tangawizi kabla sijashika jembe. Nikimwamkia, "Shikamoo Bibi," aliitikia, "Marahaba mwanangu, umekula?" Mama yangu mzazi alikuwa amefariki nikiwa darasa la sita. Nadhani unaelewa neno lile lilinifikia wapi.

Nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, palikuwa na vichaka viwili vilivyokaribiana. Kimoja kilikuwa mkomamanga ambao haukuwahi kuzaa tunda. Kingine kilikuwa mhina uliopandwa na mama yake Bibi Zubeda. Bibi harusi yeyote wa ukoo ule alipakwa hina ya majani ya mti huo. Bibi Zubeda mwenyewe alipakwa, dada zake wakapakwa, na sasa ilikuwa zamu ya mjukuu wake Nasrin, ambaye harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tatu. Bibi aliniambia habari hiyo mara nyingi, na kila mara kama vile ni mara ya kwanza. "Nasrin ndiye wa mwisho nitakayempaka kwa mkono wangu," alisema. "Baada ya hapo nitapumzika."

Lakini sikuwahi kuvitunza vichaka vile. Mzee Magesa alivishughulikia mwenyewe, mimi nikikata majani ya uwanjani na kubeba maji. Nilijua kwamba vipo viwili. Kipi ni kipi, sikuwahi kuuliza.

Wiki hiyo Mzee alivuka kwenda Sengerema, maana kaka yake alikuwa amelazwa hospitali. Aliniachia agizo fupi: nimwagilie tu, nisikate kitu, nisipande kitu. Alhamisi asubuhi nilipokwenda kwao kumwagilia, Bibi Zubeda alikuwa ametoka kwenda kwa ndugu zake kwa maandalizi ya harusi, na angelala huko. Bwana Anwar akaja bustanini ameshika funguo za duka.

"Malimi, nataka nafasi ya turubai hapa nyuma. Ule mkomamanga usiozaa uondoe leo. Ila angalia, huo mwingine ni mhina wa mama. Huo usiuguse hata jani moja."

"Sawa, Bwana Anwar."

Akasimama kidogo, akavitazama vichaka. "Kwangu vinafanana. Unavijua lakini?"

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Sauti yake haikuwa ya kunitega. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Ningesema sijui, angesema basi tumngoje Mzee, na angeondoka zake dukani.

"Navijua," nilisema.

"Haya. Wewe ndiye fundi, mimi ni mtu wa kaunta."

Alipoondoka nikavisogelea. Vyote viwili vilikuwa na majani madogo, membamba, yaliyoota mawili mawili yakitazamana. Kimoja kilikuwa kimepogolewa karibuni na matawi yake yalikuwa laini. Kingine kilikuwa kizee, na ncha za vitawi vyake zilikuwa zimegeuka miiba. Nikakumbuka kwamba mkomamanga una miiba. Hilo nililijua kweli. Nisilolijua ni kwamba mhina nao, ukizeeka, vitawi vyake hukauka ncha na kuchoma vilevile. Nusu ya elimu niliyokuwa nayo ilinitosha kushika sururu.

Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi. Majani yalikuwa mbele yangu, ningelisugua moja kiganjani na kungoja. Machipukizi yalikuwa mbele yangu. Ya mkomamanga hutoka na wekundu wa shaba, ya mhina hayana wekundu ule. Tena kwenye kile kichaka laini, ningeinama tu, ningeona tumba mbili tatu nene, nyekundu, ngumu kama ngozi, ambazo hakuna mhina duniani unaozitoa. Maua ya mhina ni madogo sana na hukaa kwa vishada. Yote hayo yalikuwa wazi, na kitambaa cheupe kilikuwa mfukoni. Nilikitumia kufutia jasho.

Kazi ilinichukua hadi adhuhuri. Mizizi yake ilikuwa imeshika sana. Ili matawi yaenee kwenye toroli, nilipukutisha majani kwa mikono mitupu, nikiyavuta tawi baada ya tawi, hadi viganja vikawa na utelezi wa kijani. Nikatupa vyote kwenye shimo la taka nyuma ya ukuta, nikafagia, nikasawazisha udongo. Nilijisifu kwamba pamekuwa safi.

Jioni, nikinawa ziwani, niliona viganja vina rangi ya machungwa. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa mchanga, na havikubadilika. Asubuhi ya Ijumaa nilipoamka vilikuwa vyekundu kama tofali. Nilikaa kitandani nikavitazama. Hakuna aliyeniambia nilichokifanya. Mikono iliniambia.

Njiani, akina mama wanaouza dagaa Igogo walikuwa wa kwanza kuniona. "Jamani njooni mwone, Malimi kaolewa!" mmoja alisema. Mwingine akauliza, "Mume wa wapi huyo, shemeji? Mahari tumeikosa hivihivi?" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Niliingiza mikono mfukoni na kuharakisha.

Bibi Zubeda alikuwa amerudi. Nilimkuta amesimama mbele ya udongo nilioufagia vizuri. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka.

"Mhina wangu uko wapi, mwanangu?"

Nilikuwa nimepanga jibu tangu alfajiri. "Ulishakufa, Bibi. Uliliwa na mchwa ndani kwa ndani. Nikaona niuondoe usije ukaambukiza mwingine."

Aliingia jikoni, akatoka na kikombe cha chai ya tangawizi, kama siku zote, akaninyooshea. Mwanangu, ulilelewa kama nilivyolelewa. Mtu mzima akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili. Nikaitoa mikono mfukoni.

Alivitazama viganja vyangu kwa muda. Kisha akakiachia kikombe taratibu, chai isimwagike.

"Mti uliokufa hautoi rangi, Malimi," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Akaingia ndani. Nilisimama na ile chai mpaka ikapoa.

Mzee Magesa alirudi na kivuko cha jioni. Aliniona mikono kabla hata sijamwamkia, na nadhani alielewa yote, maana alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuniuliza jambo moja.

"Kitambaa kilikuwa wapi?"

"Mfukoni, Mzee."

"Kukifunga kungekuchukua muda gani?"

Nilizoea kusikia wazee wakigomba, na ningependa angenigombeza. Alinyanyuka, tukapanda wote kule juu kabla jua halijazama, akaingia kwenye shimo la taka kwa miguu yake ya kizee. Alichagua vijiti, akakwaruza kimoja kimoja kwa ukucha. Kikavu alikitupa. Chenye ukijani alinipa nishike. Tulipata kumi na viwili. Tukavipanda kwenye viriba, tukaviweka kivulini.

"Kuung'oa ulikosea," aliniambia tukinawa. "Mimi nimewahi kukosea makubwa kuliko hilo. Lakini habari ya mchwa si kosa, hiyo uliikusudia. Nenda kesho ukamwambie."

"Nitaenda, Mzee."

Sikwenda kesho yake. Nilijiambia ningoje rangi ifutike. Ilichukua karibu wiki tatu, na ikawa imekaribia harusi. Nikajiambia ningoje harusi ipite. Nasrin alipakwa hina ya paketi iliyonunuliwa dukani. Mzee Magesa, ambaye aliitwa kupanga maua, alinisimulia kwamba Bibi aliifungua paketi, akainusa, akaichanganya na maji, na akampaka mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe mpaka mwisho. Mimi sikuitwa tena kwenye nyumba ile, na sikudai sababu.

Kati ya vijiti kumi na viwili, viwili vilichipua. Mzee hakukubali kuvipeleka. "Aliyeng'oa si mimi," alisema. "Mhina huu utaupeleka wewe, na maneno yako." Nami nikapata kisingizio kipya. Nikasema nitaupeleka ukitoa maua, ili nimpe Bibi kitu kizima, kinachonukia, maneno yawe machache. Mwaka ukapita, na mwingine. Mche mmoja ulikufa. Uliobaki ulipotoa kishada chake cha kwanza, nilivaa shati safi, nikaubeba kwa mikono miwili mpaka juu kwenye mawe. Geti lilikuwa na kufuli. Mlinzi wa nyumba ya jirani akaniambia familia imehamia Dar es Salaam, na kwamba Bibi alizikwa kabla ya kuhama, mwezi wa Ramadhani uliopita.

Nikashuka nao.

Huo ndio mhina unaouona mbele ya nyumba yangu kila ukija hapa Kisesa. Umeshatoa miche mingi kuliko ninavyokumbuka. Mabibi harusi wa mtaa huu huja kuchuma, Waislamu na hata wasio Waislamu, na simzuii mtu.

Sasa nikuambie jambo la mwezi uliopita, ndilo lililonifanya nikuandikie. Mjukuu wangu Neema ana kitalu chake kando ya barabara ya Musoma. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu pale alipokuja mwalimu mmoja aliyehamia karibuni, na tawi kwenye gazeti. Nyuma ya nyumba aliyopanga kuna kichaka, na jirani amemshauri akichome moto, eti ni pori tu. Majani ya tawi yalikuwa yamepukutika njiani, vimebaki vijiti vyenye miiba kwenye ncha.

Mwalimu alikuwa ameshalipiga picha kwa simu. "Simu imenipa majina matatu," alisema. "Kila picha jina lake."

Neema akalichukua tawi. Akatazama makovu ya majani, akaona yametazamana. Akapitisha kidole kwenye shina, akalikwaruza, kuna ukijani. Akalisogeza karibu na macho kutafuta tumba, hakuna. Mimi kitini, mwanangu, moyoni nilikuwa nimeshasema ni mhina. Miaka yote hii, na bado ulimi wangu ulikuwa tayari.

"Mwalimu, sijui," Neema alisema.

"Unauza miche na hujui?"

"Ninayoijua ndiyo ninayouza." Alisema hivyo akicheka, bila aibu yoyote. "Huu bado hatujajuana nao. Usiuchome. Chukua hiki ukaufunge, ukitoa tumba niletee."

Akafungua droo, akampa kitambaa cheupe. Mwalimu alikipokea kama mtu anayepewa dawa ya kienyeji, akaondoka akitikisa kichwa.

Jumamosi iliyopita alirudi. Safari hii tawi lilikuwa na majani yanayong'aa, machipukizi ya rangi ya shaba, na kwenye ncha tumba moja nene, nyekundu, ngumu kama ngozi. Mkomamanga. Mwalimu alifurahi kama mtoto, akasema ataongeza na wa pili. Neema akanigeukia. "Babu, ungeulizwa wewe siku ile ungesema nini?" Nilimwambia ukweli. Akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye, na kicheko kile kimenikaa vizuri hadi leo.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipewa bustani usiyoijua, usianze na panga. Tazama jani limekaaje kwenye tawi, usilitazame umbo lake tu. Lisugue, linuse, ngoja uone limeacha nini mkononi. Lishike shina. Ngoja tumba, hata ikibidi kungoja msimu mzima. Usiache dalili moja uliyoisoma mahali ikakuondolea haja ya kuzitazama nyingine. Na mtu akikuuliza kabla hujamaliza kutazama, mwambie hujui, kwa sauti ya kawaida, kama unavyotaja jina lako. Ukishakosea, na utakosea, nenda siku hiyohiyo, mikono ikiwa bado na rangi. Usingoje maua.

Mungu akupe macho yenye subira na mikono inayopanda miti ikakubali. Akupe mzee wa kukuuliza kitambaa kiko wapi, na akupe wajukuu watakaokucheka kwa upendo. Kila unachokipanda kikuzidi umri.

Kwa upande wangu, ile "navijua" ya Alhamisi ilimnyima Nasrin hina ya ukoo wake, na ikamnyima Bibi Zubeda jambo la mwisho alilolingojea. Nyumba ile sikuingia tena. Na mwanamke pekee aliyeniita mwanangu baada ya mama yangu kufa, alikufa akijua nimemdanganya, na sikuwahi kumwomba radhi.